Kipanya cha kompyuta na ganzi ya mkono

Wiki hii tuzungumzie kifaa kidogo kilichomo katika nyumba, ofisi na madrasa nyingi: kipanya cha kompyuta, au mausi kama wengi wanavyokiita.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia dada mmoja, karani wa stoo. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukifa ganzi usiku, na alfajiri akichukua udhu kopo humponyoka. Nilimpa dawa ya maumivu, akaenda. Baada ya wiki tatu akarudi vilevile. Ndipo nikamwuliza swali nililopaswa kumwuliza siku ya kwanza: kazini mkono huo unafanya nini? Akasema kutwa anasukuma kipanya, tena kichafu, mshale hauendi mpaka akibane kwa nguvu.

Ndani ya kifundo cha mkono mna njia nyembamba. Humo hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kifundo kikikaa kimepinda na vidole vikibana muda mrefu, mshipa huo hugandamizwa. Dalili zake ni ganzi au kuchomwachomwa kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kidole cha mwisho kwa kawaida husalimika. Usiku huzidi. Kipanya si chanzo pekee: ujauzito, kisukari na tezi ya shingoni kufanya kazi pungufu navyo huleta hali hiyo.

Kwa hiyo kutunza kipanya ni kutunza mkono. Fanya hivi:

1. Zima kompyuta, uchomoe kipanya. Kisicho na waya, kitoe betri.

2. Lowesha kitambaa laini kwa spiriti ya asilimia 70, ukikamue, ufute mgongo, ubavu na vitufe. Usikimwagie maji.

3. Kigeuze. Pale penye taa pasafishe taratibu kwa kijiti cha pamba. Hata unywele mmoja hapo huurusha mshale. Kwangua uchafu ulioganda chini yake. Kile cha zamani chenye gololi, ifungue, uioshe kwa sabuni, uikaushe.

4. Kiache kikauke kabisa ndipo ukirudishe.

Kumbuka pia kwamba kipanya kimoja hushikwa na nyumba nzima. Anayetoka kula maandazi anawe kwanza, na mwenye mafua anapomaliza kifutwe.

Unapokitumia, kiweke karibu na kibodi, kimo sawa na kiwiko. Kifundo kinyooke, vidole vishike kwa wepesi. Usingoje adhana ndipo unyanyuke. Kila nusu saa kiachie, ufumbe na kufumbua vidole.

Yule dada alisafisha kipanya chake, akawa analala na gango la kunyoosha kifundo, na ganzi ikapungua. Nawe ganzi ikidumu wiki kadhaa, vitu vikianza kukuponyoka, au nyama ya chini ya dole gumba ikipungua, usiishie kununua dawa ya maumivu dukani. Nenda kituo cha afya, na hata usipoulizwa, mweleze tabibu kazi ya mkono wako. Mshipa ukigandamizwa muda mrefu, udhaifu unaweza kubaki.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.