Ukuta ukipasuka jirani na machimbo, mzigo wa kuthibitisha si wako

Anayejenga Bihambwe, kwenye barabara inayopanda kutoka Mushaki kwenda Rubaya, anajenga jirani na koltani, atake asitake. Mashimo ya huko huchimbwa kwa mtaimbo na sepetu. Hushuka wima kwanza, kisha hugeuka na kufuata mshipa wa jiwe popote unapoelekea, hata chini ya shamba la maharagwe au chini ya nyumba ya mtu ambaye hakuulizwa. Mwenye nyumba anapoona ufa ukutani huanza kujivunja moyo mwenyewe: sina karatasi ya kiwanja, simjui aliyechimba, na hata nikimjua nitathibitishaje kwamba ni shimo lake? Swali la mwisho ndilo linalowafanya wengi wanyamaze, na ndilo lenye jibu zuri kuliko yote. Tangu mwaka 2018 sheria ya Kongo haimtaki mwenye nyumba athibitishe kosa la mwenye mgodi. Mwenye mgodi ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hahusiki.

Kanuni hiyo imo katika Sheria ya Madini ya 11 Julai 2002, kama ilivyorekebishwa na sheria nambari 18/001 ya 9 Machi 2018, kwenye kifungu cha 285 bis. Kinasema kwamba mwenye haki ya uchimbaji lazima afidie madhara yaliyowapata watu, mali na mazingira kwa sababu ya shughuli zake, hata kama hakuna kosa wala uzembe wowote, na afidie yote kamili. Atasamehewa tu akileta ushahidi kwamba madhara yametokana na sababu iliyo nje ya uchimbaji wake. Linganisha na njia ya zamani, kifungu cha 258 cha sheria ya madai, ambako anayelalamika ndiye hubeba mzigo wa kuonyesha kosa, hasara, na uhusiano wa hivyo viwili. Mwanakijiji hana mhandisi wala ramani ya chini ya ardhi. Ramani, kama ipo, iko kwa mchimbaji. Wajerumani waliliona jambo hilo kwenye makaa ya mawe ya bonde la Ruhr, ambako miji mizima imetitia juu ya mahandaki, na sheria yao ya migodi ya mwaka 1980 inachukulia kwamba nyumba iliyoharibika ndani ya eneo linaloathiriwa na mgodi wa chini imeharibiwa na mgodi, mpaka kampuni ionyeshe vinginevyo. Kongo imefika karibu na hapo kwa njia yake.

Kinachobaki mikononi mwa mwenye nyumba ni kazi ndogo lakini ya lazima: kuonyesha kwamba nyumba ilikuwepo na ilikuwa nzima, kwamba sasa imeharibika, na kwamba kuna uchimbaji karibu. Ufa hupimwa hivi. Chora mstari mfupi wa penseli unaoukata ufa, andika tarehe pembeni, weka rula, piga picha. Rudia kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa. Andika pia mlango ulioanza kukwama, chemchemi iliyokauka ghafla, mti ulioinama. Mwite chifu wa kijiji na majirani wawili waone na watie sahihi kwenye karatasi yenye tarehe, na omba ofisi ya madini ya serikali au SAEMAPE, idara inayosimamia wachimbaji wadogo, waandike PV, yaani hati rasmi, ya ukaguzi kama wanafikika. Lakini ufa ulio ardhini, nyuma ya nyumba upande wa mlima, si wa kupimwa kwa rula. Huo ni wa kuhamisha watoto siku hiyohiyo.

Wengi wamesikia habari ya mita 180, na wanaitegemea kupita kiasi. Ni kweli kwamba kifungu cha 279 kinamkataza mwenye haki ya madini kukalia ardhi iliyo chini ya mita 180 kutoka kwenye nyumba, au chini ya mita 45 kutoka kwenye shamba lililolimwa, bila ridhaa ya mwenyewe au anayekaa pale kihalali. Ila umbali huo hupimwa juu ya ardhi. Mdomo wa shimo unaweza kuwa mita 200 kutoka ukutani kwako na handaki likafika chini ya jiko. Kwa hiyo mita 180 ni silaha ya mapema, ya kuzuia mtu asifungue shimo. Nyumba ikishapasuka, shika 285 bis.

Hoja ya kwanza utakayojibiwa ni kwamba ardhi ni ya Serikali na wewe huna cheti. Nusu yake ni kweli: sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inaifanya ardhi kuwa mali ya Serikali, na madini yaliyo chini ni ya Serikali vilevile. Lakini nyumba ni yako. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, na kifungu cha 281 cha Sheria ya Madini, kinachohusu fidia ya ardhi iliyochukuliwa au iliyoharibiwa isifae tena kwa kilimo, kinahesabu ardhi yoyote ambayo watu wameitumia siku zote au wanaitumia sasa kwa haki ya namna yoyote. Fidia yake ni ya kodi au ya thamani ya ardhi, ikiongezwa nusu. Shahidi wa kimila aliyekuona ukipewa kiwanja ana uzito hapo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: si mgodi, ni mvua. Milima ya Masisi, eneo lenye Rubaya, huteleza yenyewe, miti imekatwa kwa ajili ya malisho, na hakuna asiyelijua hilo. Mwishoni mwa Januari 2026 machimbo ya Rubaya yalipoporomoka, na uongozi wa waasi wa M23, wanaolishika eneo hilo, ukatangaza kwamba zaidi ya watu 200 wamekufa, wakiwemo watoto na akina mama wa sokoni, mvua ndiyo iliyotajwa. Lakini sheria inadai sababu iliyo nje ya uchimbaji. Mvua inayoingia kwenye mashimo yasiyofukiwa na kulainisha udongo usio na nguzo haiko nje ya uchimbaji. Imefika ndani kwa sababu mlango uliachwa wazi. Mchimbaji atashinda akionyesha kwamba hata mlima jirani usio na shimo uliteleza siku ileile. Ndiyo sababu ni busara kupiga picha ya mlima huo pia.

Nani basi wa kudaiwa? Hapa pana utata wa kweli. Kifungu cha 285 bis kinamtaja mwenye haki ya madini, na sehemu kubwa ya machimbo ya Rubaya ilikuwa ndani ya kibali PE 4731 cha kampuni ya MHI, ambayo baadaye ilijiita Société Minière de Bisunzu, ilhali waliokuwa wakichimba ni wachimbaji wa mikono wa ushirika wa COOPERAMMA, uliofanya makubaliano na kampuni hiyo mwaka 2013. Mwenye kibali atasema hakushika sururu. Kwa maoni yangu, aliyeruhusu uchimbaji ndani ya eneo lake na kununua mazao yake hawezi kuuita uchimbaji huo wa mgeni, ingawa wakili wa upande wa pili atabisha. Usichague mmoja, dai wote. Wachimbaji wadogo nao wanabanwa na kifungu cha 112, kinachowataka waheshimu haki za wenye ardhi na kulipa fidia pasipo maelewano, na kanuni zao zinawakataza kuchimba zaidi ya mita 30 kwenda chini. Jina la mwenye kibali huulizwa kwenye daftari la vibali vya madini, CAMI.

Hoja ya mwisho ni ya kuvunja moyo: Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, Goma tangu Januari 2025, utashtaki wapi? Leo, pengine hakuna mahali pa kupata hukumu itakayotekelezwa, na kumsukuma mtu adai fidia mbele ya wenye bunduki ni kumponza. Lakini haki ya kudai haifi kwa sababu mahakama imefungwa. Katika sheria ya madai ya Kongo muda wa jumla wa kufungua dai ni miaka 30. Kinachokufa haraka ni ushahidi: ukuta hubomolewa, shahidi hukimbia, simu huibiwa. Tuma picha na karatasi zako kwa ndugu aliye Beni, Kampala au Nairobi, zikiwa na tarehe. Na akija mtu na pesa za mabati kumi na karatasi ya kutia sahihi, isome mpaka mwisho kabla hujapokea. Ikiandikwa kwamba umefidiwa kila kitu na hutadai tena, mwambie aandike badala yake kwamba hizo ni sehemu tu ya malipo. Akikataa, bora arudi na mabati yake.