Pampu Kubwa, Bajeti Ndogo: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya ni kwa wenye Impreza na Forester za turbo, na wenye Mark II za 1JZ-GTE, wanaotaka pampu kubwa ya mafuta na pesa ni ya kubana. Pampu haiongezi nguvu. Kazi yake ni kuhakikisha injini iliyoongezewa hewa haikosi petroli. Basi pesa ya kwanza iende kwenye kupima.

Pima presha kabla ya kununua chochote. Funga geji kwenye njia iendayo kwenye nozeli. Gari likiwa silensa, chomoa kimpira cha vakyumu kwenye regulata. Subaru isome karibu bar 3. Kirudishe, kisha gari lipimwe likibeba mzigo: turbo ikisukuma bar 1, geji ya mafuta isome 4. Presha ya mafuta ikishuka wakati ya turbo inapanda, achia mguu hapo hapo. EJ20 ikipata hewa nyingi na petroli kidogo huvunja pistoni pale katikati ya ringi, na bei ya injini haifanani na bei ya pampu.

Usiilaumu pampu kabla ya kukagua umeme. Hapa ndipo mafundi wengi wa gereji bubu wanapomla mteja bila hata kukusudia. Weka mita kwenye plagi ya pampu yenyewe, pampu ikiwa inafanya kazi. Lita zinazotangazwa kwenye boksi mara nyingi zimepimwa kwa volti 13.5, wewe ukikuta 11, hata pampu nzima itaonekana mbovu. Waya wa kiwandani ni mwembamba na magari haya mengi yana miaka zaidi ya 20. Chomoa plagi uangalie: ukiona plastiki imekuwa ya kahawia kuzunguka pini moja, ugonjwa wako ni huo.

Vuta waya mpya wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na rilei mpya ikae nyuma karibu na tanki. Ethi ifungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kionekane. Amri ya kuiamsha rilei ichukuliwe kwenye rilei ya kiwandani ya pampu, siyo kwenye waya unaoingia kwenye pampu, kwa sababu baadhi ya magari haya hupunguza umeme wa pampu injini ikiwa silensa. Na usikubali kamwe kufungiwa swichi ya mkono. Gari likipinduka na injini ikazima, pampu lazima nayo izime yenyewe.

Gharama ya kazi hii ni ndogo, na mara nyingine ukishaimaliza huhitaji tena pampu mpya.

Usinunue kwa kufuata namba kubwa. Injini ya turbo yenye nguvu farasi 300 hutumia takriban lita 110 za petroli kwa saa ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Pampu ya Walbro ya lita 255 inatosha na kubaki. Ukifunga ya 450 kwenye regulata ya kiwandani, njia ya kurudishia inaweza kuzidiwa, presha inabaki juu hata gari likiwa silensa, na plagi za injini zinatoka nyeusi.

Usiguse Walbro inayouzwa nusu ya bei. Bandia zake zimejaa duniani kote. Bora Denso ya mtumba iliyotoka kwenye Supra ya turbo, mradi muuzaji akubali kuipokea ikishindwa kipimo. Ifunge, injini ikiwa imezimwa elekeza mpira wa kurudishia kwenye dumu la petroli, iendeshe sekunde 30. Ikitoa lita 1 tu, hiyo ni lita 120 kwa saa. Imechoka, irudishe.

Ndani ya tanki tumia mpira ulioandikwa J30R10, hakuna mwingine. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kustahimili petroli kwa ndani. Ukiuzamisha, unavimba, unalainika, unachomoka kwenye klempu. Presha inapotea ndani ya tanki na nje huoni hata tone. Kipande kinachohitajika hakizidi urefu wa kiganja.

Usifungue tanki ndani ya chumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini, mpaka kwenye jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani. Grenda na kuchomelea visimame. Toa fyuzi ya pampu, washa gari mpaka lizime lenyewe, kisha ondoa hasi ya betri. Mtungi wa poda uwe mkononi mwa mtu, siyo kwenye buti. Kijana wa gereji asinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua.

Acha kuweka mafuta ya elfu kumi kumi. Pampu ya ndani ya tanki hupozwa na petroli inayoizunguka. Isishuke chini ya robo tanki. Na usinunue ya chupa barabarani: mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini ya turbo igonge.

Usijaribie gari kwenye barabara ya Kijenge hadi Moshono hapa Arusha. Kuna watoto wa shule na bodaboda.

Ukiteremka pwani, punguza presha ya turbo. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Turbo inayodhibitiwa kwa springi tu, iliyosukuma bar 1 huku, Tanga au Dar es Salaam itaingiza hewa zaidi kwa karibu asilimia 8, na petroli lazima iongezeke hivyo hivyo. Pampu iliyotosha kwa shida Moshono haitatosha kule. Acha akiba ya asilimia 20 juu ya kipimo chako, au tafuta fundi akupunguzie kabla hujaanza safari.