Dondoo muhimu: Msingi wa mashine inayozunguka

Jenereta, pampu au mashine ya kusaga ikikaa juu ya msingi usiofaa, mtetemo hupasua zege, hulegeza bolti na kuharibu beringi mapema.

1. Soma kasi kwenye kibao cha mashine, ugawe kwa 60: mizunguko 1,500 kwa dakika ni mitetemo 25 kwa sekunde.
2. Mwombe mhandisi akokotoe mtetemo wa asili wa msingi; utofautiane na wa mashine kwa angalau asilimia 20.
3. Usiridhike na hesabu ya uzito pekee. Msingi usiozama bado unaweza kutikisika vibaya.
4. Kwa kuanzia, kadiria zege lenye uzito mara 3 ya mashine inayozunguka, mara 5 ikiwa ya pistoni.
5. Pima udongo kwanza. Mchanga uliolegea hushuka ukitikiswa.
6. Acha mwanya kati ya msingi na sakafu na kuta za jengo. Usiuzibe mwanya huo kwa zege.
7. Panga kitovu cha uzito wa mashine juu ya kitovu cha msingi.
8. Jaza grauti chini ya fremu. Usiegemeze mashine kwenye vipande vya mbao.
9. Ghorofani, kagua boriti pamoja na mashine, kwa kuwa zote hutetemeka pamoja.
10. Mtikisiko ukizidi ghafla, zima. Kagua rota, shafti na bolti kabla ya kulaumu zege.

Fanya hesabu kabla ya kumwaga zege. Kurekebisha msingi uliokwisha kukauka ni gharama kubwa.