Pumba Chachu kwa Kuku wa Nyumbani

Kuku wanne au watano wanaozunguka uani kwenu si mapambo. Ni daftari, ni sare ya shule, ni yai la mdogo wako. Lakini pumba za mashineni zinapanda bei kila msimu wa njaa, na kuku akiachwa ajitafutie mwenyewe siku nzima anarudi jioni na vumbi tupu. Somo letu la leo ni namna ya kuchachusha chakula cha kuku ili kile kidogo ulichonacho kimfae zaidi. Wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama mtaona kwamba karibu kila kitu kinachotakiwa mnacho tayari.

Na jambo lenyewe unalijua. Umeshakunywa togwa, au uji wa mtama na ulezi ulioachwa ukawa mkali kidogo. Vijidudu vidogo sana, bakteria wa jamii ile inayogandisha maziwa, hula sukari iliyo ndani ya nafaka na kutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ndiyo ukali unaouonja. Bakteria wengi wabaya, akiwemo salmonela anayeharisha watu na kuku, hawastawi kwenye ukali huo. Tena, pumba zina fosforasi nyingi iliyofungwa ndani ya kitu kinachoitwa fitati, na tumbo la kuku haliwezi kukifungua vizuri. Kuchachua kunafungua sehemu ya kifungo hicho. Kwa hiyo pumba ni zile zile, ila kuku anapata zaidi.

Haya, tuingie kazini. Tafuta ndoo tatu ndogo za plastiki zenye mifuniko. Usitumie debe la bati, maana asidi inakula bati na kuku atakula hiyo kutu na zinki. Na hapa nawaambia hasa ninyi wa Bunda mnaolima pamba: chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya kunyunyizia pamba kisitumike kamwe, hata ukikiosha mara kumi kwa sabuni na mchanga. Kitoboe ili mwingine naye asije akakiokota akachotea maji.

Pima kwa kopo moja lile lile. Makopo manne ya pumba za mahindi, makopo mawili ya mtama au mahindi yaliyobarazwa, kisha maji mpaka yasimame vidole viwili juu ya chakula. Pumba zitakunywa maji na kuvimba, kwa hiyo angalia tena baada ya saa chache uongeze. Siri yote iko hapo kwenye vidole viwili: kinachobaki chini ya maji kinachacha, kinachoelea juu kwenye hewa kinaota ukungu. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku mmoja kwanza, maana klorini inawaua hata wale bakteria tunaowataka. Maji ya ziwani yana shida nyingine, nayo ni yako wewe, siyo ya kuku. Ukisimama ndani ya ziwa kuchota, vijidudu vya kichocho vinapenya kwenye ngozi ya miguu. Maji yakishachotwa yakatulia kwenye chombo siku mbili nzima, vijidudu hivyo vya kichocho vinakuwa vimekufa. Lakini kwa kunywa bado yanataka kuchemshwa.

Funika ndoo kwa kitambaa safi au mfuniko usiokazwa, kwa sababu gesi inatoka na lazima ipate njia. Koroga asubuhi na jioni. Kwa joto la Mara, siku ya pili utaona mapovu na siku ya tatu harufu imekuwa kama ya maziwa mgando. Hapo chakula kiko tayari. Ndoo ya kwanza ikiisha, usiioshe mpaka ikang'ara: bakiza kikombe kimoja cha maji yake machachu uanzishie ndoo mpya, nayo itawahi. Ndiyo maana nikasema ndoo tatu. Moja inaliwa, moja inaiva, moja inaanza.

Sasa pua yako ndiyo mkaguzi. Harufu kali ya uchachu ni sawa. Utando mweupe mwembamba, laini, juu ya maji, ni hamira ya kawaida, koroga uendelee. Ukisikia harufu ya pombe, ujue imekaa sana au ina sukari nyingi. Wape kuku wakubwa kidogo kidogo, vifaranga usiwape. Lakini ukiona manyoya ya ukungu ya kijani, meusi au mekundu, au ukasikia harufu ya uozo na matapishi, mwaga yote kwenye shimo ufukie. Usikwangue juu ukasema chini kuzima.

Najua mtu wa Mara ataniuliza: mbona udaga tunauvundika mpaka unaota ukungu, tunaukwangua na tunakula? Swali zuri, na linataka jibu refu kidogo.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Tunapouvundika au kuuloweka, chembe za muhogo zinalainika na kupasuka, sumu inafunguka na kutoka na maji au na hewa, kisha jua linamalizia. Wazee wetu walijua kazi hiyo kabla ya kemia. Ikifanywa harakaharaka, watu wanaumia. Mwaka 1985, wakati wa ukame, hapa hapa mkoani Mara, wilayani Tarime, watu walipata ugonjwa wa konzo: miguu inakakamaa ghafla na hairudi tena kuwa kama zamani. Unawapata zaidi watoto na akina mama. Neno lenyewe limetoka Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Njaa ilifanya muhogo mchungu uliwe kabla haujaandaliwa sawasawa, tena bila mboga ya maana pembeni. Mwili unahitaji protini kama ya dagaa na mayai ili kuiondoa sumu hiyo. Unaona basi jinsi yai la uani linavyoingia kwenye habari hii.

Kwa hiyo maganda ya muhogo, ambayo watu huwatupia kuku tu, yana sumu kuliko hata nyama ya muhogo wenyewe. Yakatekate, yaloweke siku tatu au zaidi kwenye ndoo yake peke yake, kisha maji yale UMWAGE, siyo uyatumie kama ya pumba. Umwage mahali ambapo mbuzi hawatayanywa. Halafu anika maganda mpaka yakauke kabisa, ndipo uyatwange na kuchanganya kidogo kwenye chakula.

Ama ukungu wa pumba na mahindi, huo usiufananishe na wa udaga. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na walipochunguza wakakuta ni chakula chenye karanga zilizoota ukungu. Ndipo dunia ikaijua sumu ya aflatoksini. Nchini Kenya mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 upande wa Makueni na Kitui. Kwetu Tanzania iliua watu mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sasa sikiliza vizuri: kuchachusha HAKUIONDOI kwa namna ya kuiamini. Wala kuchemsha. Mahindi yaliyooza ambayo mama amekataa kuyasaga, usiseme basi haya ya kuku. Kuku anayekula hayo anataga kidogo, chanjo haimshiki vizuri, na sumu kiasi hupita kwenye maini na mayai mpaka mezani kwenu. Mwaga.

Turudi kwenye chakula. Kuku anayezurura mchana mpe ngumi moja ya pumba chachu jioni, iliyokamuliwa ibaki na unyevu kama ugali laini unaomomonyoka. Anayefungiwa ndani anahitaji kama gramu 100 hadi 120 za chakula kikavu kwa siku, na kikilowa uzito wake unaweza kufika mara mbili. Wape watakachomaliza ndani ya nusu saa. Kinachobaki kiondoe, na chombo ukioshe kila siku, maana chakula kibichi juani kinaoza upesi.

Dagaa usiwatie ndooni. Wataoza wakuharibie kazi. Watwange uchanganye wakati wa kulisha. Vumbi la dagaa linalobaki sokoni Mwigobero ni bei nafuu, lakini lichekeche, kwani dagaa walioanikwa chini wanakuja na mchanga mwingi. Waliotiwa chumvi usiwape vifaranga. Maganda ya mayai au ya konokono wa ziwani yatwange uweke pembeni kwenye kisahani. Ukiyatia ndooni asidi itayala na uchachu utapungua. Na mashudu ya pamba yana kitu kinaitwa gosipoli, kinachofanya kiini cha yai kiwe na rangi ya kijani ya ajabu yakikaa. Kwa kuku wa mayai mimi ningeyaacha, hata kama Bunda yanapatikana. Mashudu ya alizeti ni bora.

Je, inalipa? Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2009 majaribio ya kuku wa mayai waliolishwa chakula chachu. Mayai yalikuwa mazito zaidi na maganda magumu zaidi. Ila kuku walichelewa kidogo kuanza kutaga, na walidonoana zaidi hata manyoya yakachakaa. Basi weka vyombo viwili vya kulia au vitatu, jogoo asitawale kimoja. Wewe nawe jaribu: chukua daftari, andika wiki mbili kabla na wiki sita baada, mayai mangapi na makopo mangapi. Usimsikilize mtu, hata mimi, soma daftari lako.

Kitu kimoja ambacho ndoo haitafanya ni kuzuia kideri. Kikiingia kijijini kinafagia banda zima ndani ya siku chache, chachu au si chachu. Dawa yake ni chanjo ya tone moja jichoni, ile ya I-2, kila baada ya miezi mitatu. Muulize ofisa mifugo wa kata, na mkusanyike majirani kadhaa, maana kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikifunguliwa hakikai.

Kuhusu kula mayai sasa. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Zipo familia ambako wazee walikataza mjamzito au mtoto kula yai. Usibishane na bibi kwa ukali. Mpe mtoto yai lililochemshwa likaiva mpaka kiini, na bibi mwenyewe mletee la kwake. Uza yanayobaki, siyo yote.

Osha mikono kwa sabuni kila utokapo bandani, na mtoto anayetambaa asichezee uwanja wa kuku, kwa sababu kila kitu kinaishia mdomoni. Kuku mgonjwa usimchinje ili "asipotee bure". Na ukiwapa kuku antibayotiki kwenye maji, soma karatasi ya dawa: imeandikwa siku ambazo mayai hayaliwi wala kuuzwa. Kama haisomeki, rudi dukani uulize kabla ya kufungua pakiti.