Barua Iliyogongwa Mhuri

Tarehe 13 Mei 2022, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu ya Mombasa alisoma hukumu katika kesi yenye swali jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, Mkenya ana haki ya kuona mikataba ya mkopo atakaoulipa yeye na watoto wake? Serikali ilikuwa imeshikilia kwamba hana. Mikataba ya reli ya kisasa, SGR, ilikuwa na kifungu cha usiri, na mbali na hilo kulikuwa na usalama wa taifa wa kulindwa. Jaji hakukubali. Ahadi ya kufichana iliyowekwa na maofisa kwa mkopeshaji, alisema, haiwezi kuipiku Katiba.

Waliokwenda mahakamani walikuwa Khelef Khalifa wa shirika la kutetea haki za binadamu la MUHURI, lenye makao yake Mombasa, na Wanjiru Gikonyo wa TISA, taasisi inayofuatilia matumizi ya fedha za umma. Magazeti yaliishangilia hukumu. Kilichoitangulia hakikuandikwa sana, nacho ndicho chenye faida kubwa kwa msomaji wa safu hii. Kabla ya mawakili na kabla ya hati ya kiapo, wawili hao waliandika barua. Waliomba nakala za mikataba na tafiti zilizohusu reli hiyo, wakangoja, wakanyamaziwa. Ukimya ule ndio uliowapa kesi.

Barua kama hiyo inaweza kuandikwa na mkulima wa Kinango au mama mboga wa Kisii. Badala ya reli ya mabilioni, itauliza kuhusu zahanati ambayo kuta zake zimesimama miaka mitatu bila paa. Sheria itakayotumika ni ileile.

Msingi wake ni Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, inayompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Miaka sita baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ikaeleza namna ya kuitumia haki hiyo. Mambo kadhaa katika sheria hii huwashangaza hata watu waliosoma. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaweza kuomba kwa mdomo na ni wajibu wa ofisa kuliandika ombi lake. Ofisi inaweza kuwa na fomu yake, lakini hairuhusiwi kulikataa ombi kwa sababu tu mtu hakuitumia. Ombi lenyewe halilipiwi. Kinacholipiwa ni gharama ya kutoa nakala, nayo iwe ya kiasi.

La muhimu kuliko yote hayo, mwombaji hadaiwi sababu. Karani anayeuliza, "Unazitakia nini?" huenda anauliza kwa mazoea tu, ila jibu halimhusu. Sheria inasema wazi kwamba haki haipunguzwi na sababu za mwombaji wala na dhana ya ofisi juu ya sababu hizo.

Kwa nini mwombaji ahangaike na barua, ilhali kila mtaa una mtu anayefanya kazi ofisini na yuko tayari kutoa faili kwa siri? Kesi nyingine ya reli hiyohiyo ina jibu. Okiya Omtatah, mwanaharakati aliyechaguliwa seneta wa Busia mwaka 2022, aliishitaki serikali mwaka 2014 akipinga jinsi zabuni ya SGR ilivyotolewa. Alikuwa na nyaraka nzitonzito, alizopewa na watu wa ndani. Mahakama Kuu ikaziondoa kwenye kesi kwa hoja kwamba hazikupatikana kihalali, na kwamba alipaswa kuziomba kwa kutumia Ibara ya 35. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba Shirika la Reli lilikiuka sheria ya ununuzi, lakini hata yenyewe haikuzirudisha nyaraka zile. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ikaufuta ushindi huo kuhusu zabuni. Kuna wanaoona kwamba majaji walikuwa wakali mno, kwani serikali iliyoficha mkataba ndiyo hiyohiyo iliyofaidika na kukosekana kwake mahakamani. Huenda wana haki. Lakini mwananchi anayejiandaa leo hana budi kuifuata njia iliyopo: karatasi iliyoombwa kwa barua husimama mahakamani, na ile iliyopenyezwa chini ya meza huenda isisimame.

Tena anayepenyeza huumia. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaona malipo ya ajabu yakienda kwa kampuni ya Goldenberg kwa madai ya kuuza dhahabu nje ya nchi. Habari alizotoa zikafika Bungeni. Yeye akakamatwa mwaka 1993, akashitakiwa kwa sheria ya siri za serikali, akapoteza kazi. Kesi iliondolewa, kazi hakurudishiwa, na mwaka 2006 alifariki akiwa fukara. Leo Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inamtisha anayemnyanyasa mtoa habari kwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, hupokea taarifa bila kumtaka mtu jina. Mswada kamili wa kuwalinda wafichuzi, hata hivyo, umezungushwa kwa miaka mingi. Mtumishi wa umma anayejua jambo na akashauriana na wakili kwanza hawezi kuitwa mwoga.

Raia aliye nje ya ofisi hana haja ya kufichua chochote. Yeye anauliza tu.

Na aulize hasa. Barua nyingi huangushwa na maswali mapana: "Naomba kujua fedha za wadi yetu zilivyotumika." Ofisa akitaka kuzungusha, hapo amepewa uwanja. Barua nzuri hutaja mradi mmoja, mahali ulipo na mwaka wa fedha, kisha huomba hati kwa majina yake: mkataba na mwanakandarasi, BQ, yaani ile orodha ya vifaa na kazi pamoja na bei zake, vyeti vya malipo, ripoti za wakaguzi wa kazi na cheti cha kukamilisha mradi. Kwa kuwa sheria humtambua mkuu wa taasisi kuwa ndiye ofisa wa habari, barua hupelekwa kwake: katibu wa wizara, katibu wa kaunti, au meneja wa hazina ya maendeleo ya eneo bunge, NG-CDF. Haina haja ya kumtuhumu mtu. Neno "mmeiba" likiingia katika barua ya kuomba habari, mwombaji amejitafutia kesi ya kuchafua jina na hati bado hajazipata.

Nakala ziwe mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi na mwenyewe. Kinachoonekana kama urasimu mtupu ndicho kinachoanzisha saa ya sheria, kwa kuwa ofisi ina siku 21 za kujibu tangu ilipopokea ombi. Ikiwa habari zinagusa uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Ofisi inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, kama ombi ni kubwa au inabidi kushauriana na wengine. Ikiona habari ziko kwa taasisi nyingine, inatakiwa kulihamishia huko ombi ndani ya siku 5, badala ya kumwambia mtu "nenda ofisi ile" na ofisi ile imrudishe alikotoka. Siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba ombi limekataliwa. Hapo ndipo penye utamu wa sheria hii, maana kunyamaza, silaha kongwe ya ofisi za umma, kumegeuzwa kuwa jibu linaloweza kupingwa.

Si kila habari hutolewa. Zipo za usalama wa taifa, faragha ya mtu, siri halali za biashara, na zile zinazoweza kuhatarisha maisha ya mtu. Nyuma ya orodha hiyo maofisa hujikinga sana. Lakini hata hapo sheria imeacha mlango: faida ya umma ikizidi madhara ya kutoa habari, habari zinaweza kuamriwa zitolewe. Bei ya saruji iliyojenga darasa la shule ya msingi haijawahi kuwa siri ya jeshi.

Hati zikipatikana, kazi inahamia uwanjani, na hapo Mombasa ina mafunzo yake. Mwaka 2007, wakati Kenya haina Katiba mpya wala sheria ya habari, MUHURI liliwakusanya wakazi wa Changamwe kukagua miradi ya CDF, hazina iliyoitangulia NG-CDF. Mbinu ilitoka mbali: wakulima na vibarua wa Rajasthan, India, chini ya vuguvugu la MKSS, walikuwa wakisoma orodha za malipo za serikali hadharani tangu miaka ya 1990, na majina ya watu hewa yakijitokeza mbele ya kijiji kizima. Changamwe nao wakafundishwa kusoma BQ, wakaenda kwenye majengo na karatasi mkononi, wakalinganisha kilichoandikwa na kilichojengwa, kisha wakaitisha baraza, viongozi wakaulizwa maswali mbele ya watu. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuzipata karatasi zenyewe. Wakati huo zilitolewa kwa hisani tu. Leo zinatolewa kwa haki, na wanaoujua ukweli huo bado ni wachache mno.

Kabla hata ya kuandika barua, kuna hati ambayo haihitaji kuombwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua kila kaunti na kila hazina ya eneo bunge, na ripoti zake ni za umma. Katiba inamtaka amalize ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha. Kurasa zake hutaja mradi kwa jina, kiasi kilicholipwa na kile wakaguzi walichokuta walipofika. Anayeanzia hapo huandika barua akiwa tayari anajua pa kugusa.

Sasa ombi limekataliwa, au siku zimekwisha. Hatua ya pili ni Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Malalamiko yapelekwe ndani ya siku 30 tangu mwombaji alipojulishwa uamuzi, pamoja na ile nakala yenye mhuri. Tume inaweza kuita maofisa, kudai hati na kuamuru habari zitolewe, na amri yake isipokatiwa rufaa inaweza kutekelezwa kama amri ya Mahakama Kuu. Kuiruka Tume ni hatari. Mahakama zimewahi kuwarudisha watu waliokimbilia kwa majaji kabla ya kumaliza njia hii.

Mahakama nayo haikuwekwa kwa ajili ya matajiri peke yao. Ibara ya 22 humruhusu mtu yeyote kushitaki kwa niaba ya umma pale haki za kikatiba zinapokiukwa, na hukataza kutozwa ada ya kuanzisha kesi ya aina hiyo. Katiba Institute iliitumia njia ya mahakama mwaka 2017 ilipotaka kujua matangazo ya kusifu mafanikio ya serikali yaliigharimu nchi kiasi gani. Iliandika, haikujibiwa, ikashitaki, na Jaji Chacha Mwita akaamuru ipewe habari hizo. Mashirika yalikuwa yamewahi kuambiwa kwamba haki ya Ibara ya 35 ni ya raia, na kampuni si raia. Sheria ya 2016 inahesabu taasisi binafsi inayodhibitiwa na Wakenya kuwa raia, lakini kwa chama cha mtaani ni salama zaidi ombi liwe pia na jina la mwanachama na nambari yake ya kitambulisho.

Subira inahitajika, tena ya kweli. TISA na wenzake walianza kuipinga Sheria ya CDF ya 2013 mwaka huohuo wa 2013. Mahakama ya Juu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba Agosti 2022. Asiyeweza kungoja hivyo anaweza kuanza na vituo vya ushauri wa kisheria vya Transparency International Kenya, ambavyo humsikiliza mtu bila malipo na kumwelekeza.

Na mikataba ya SGR? Novemba 2022, miezi sita baada ya hukumu ya Mombasa, waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alitoa hadharani mikataba ya mikopo ya mwaka 2014 na benki ya Exim ya China. Wakenya wakaona kwa macho yao kwamba migogoro ingeamuliwa Beijing, kwa sheria za China, na kwamba sehemu moja ya mkopo ilikuwa na riba ya asilimia 3.6 juu ya kiwango cha soko la London. Lakini zilizotolewa zilikuwa hati za mikopo, na walalamishi walikuwa wameomba pia mikataba ya ujenzi na ya uendeshaji. Atakayepewa nusu namna hiyo kuhusu zahanati yake aandike tena siku hiyohiyo akitaja kwa majina hati zilizobaki, na asisahau kwamba zile siku 30 za kwenda kwa Tume zimeanza kuhesabiwa.