Kufundisha Upangaji wa Huduma za Uuguzi: Mfano wa Masasi na Newala

Mada ya upangaji, ambalo ni jukumu la kwanza la kiongozi wa huduma za uuguzi, haina sifa nzuri miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vyetu. Huiona kavu. Mkufunzi huandika fasili ubaoni, huorodhesha hatua sita au saba za kupanga, wanafunzi hunakili, na siku ya mtihani hatua zile hurudishwa kwa mkufunzi kama alivyozitoa. Baada ya miezi michache mwanafunzi yule yule hukabidhiwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Yuko peke yake, wazazi wawili wamefikia kujifungua kwa wakati mmoja, na pipa la maji limebaki robo. Hapo hatua saba hazimfai kitu, kwa kuwa hakuna hata moja iliyomwambia kwamba pipa lile lilipaswa kuangaliwa mchana.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mada hii inavyoweza kufundishwa kwa kuanza na mahali, kisha fasili zikafuata. Mahali tulipopachagua ni Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kwa sababu wilaya hizo mbili ni majirani, zinalima korosho ile ile na kupata mvua za majira yale yale, lakini muuguzi anayepanga kazi Masasi hawezi kuuchukua mpango wake na kuupeleka Newala kama ulivyo.

Hatusemi fasili zitupwe. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Kifaransa, alipochapisha maandishi yake juu ya uongozi mwaka 1916, alitanguliza kuona mbele na kupanga kabla ya kuunda, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Luther Gulick wa Marekani alipoyaorodhesha upya majukumu ya kiongozi mwaka 1937, upangaji ulibaki pale pale mwanzoni. Hata hivyo, kwa wanafunzi wa uuguzi tunaona ni afadhali kuanza na Florence Nightingale. Katika kitabu chake juu ya uuguzi cha mwaka 1859 alitenga sura nzima kwa jambo ambalo wengine walilidharau: jinsi ya kuhakikisha kwamba linalofanyika muuguzi anapokuwapo, hufanyika vile vile asipokuwapo. Hakuna mwanafunzi anayehitaji ufafanuzi mrefu wa jambo hilo. Na walimu wenzetu wasiokuwa wauguzi nao watalielewa upesi wakikumbuka azimio la kazi: mwalimu akiugua wiki ya nne, mwenzake aweze kulishika azimio lile na kuendelea. Asipoweza, basi lile halikuwa azimio. Lilikuwa karatasi ya kumwonyesha mkaguzi.

Somo la kwanza na liwe la ramani. Mji wa Masasi uko chini, katika nchi tambarare yenye vilima vya mawe vinavyosimama kimoja kimoja. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Mtu akisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma likiwa chini sana, na Msumbiji ng'ambo. Udongo wa uwanda huo ni wa kichanga. Mvua inyeshapo maji huzama mbali, na chemchemi hutokea chini ya miteremko, si juu wanakokaa watu. Ndiyo maana Ndanda, iliyo chini ya uwanda huo huo, ina maji, na kwa vizazi vingi wanawake wa juu walishuka na vyombo vitupu na kupanda na vyombo vilivyojaa. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyapandisha maji kwa pampu hadi Newala. Ulikuwa msaada mkubwa. Lakini maji yanayopandishwa kwa pampu yana masharti yake: mashine iwe nzima, nishati iwepo, na bomba lisipasuke. Mwanafunzi akishaiona ramani hiyo aulizwe swali moja tu: wodi mbili zenye vitanda sawa, moja Masasi na moja Newala, je, zitahitaji akiba ya maji inayolingana?

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na tunasisitiza ifanywe darasani kwa chaki, si kwa maneno. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2008 hukadiria lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa, na lita 100 kwa kila huduma ya kuzalisha. Tuchukue wodi ya wagonjwa 20 na wazazi wawili wanaojifungua kwa siku. Tukishika kiwango cha chini, wagonjwa watatumia lita 800 na uzazi lita 200: jumla lita 1,000, yaani mapipa matano ya kawaida. Tangi la lita 10,000 litatosha siku kumi. Sasa mkufunzi aseme: pampu imeharibika, na fundi amesema itachukua siku 14. Zimepungua lita 4,000. Nani apunguziwe? Darasa litagawanyika. Wengine watasema kila mtu apunguziwe sawasawa, jibu linalopendeza masikioni lakini si salama, maana chumba cha kuzalishia, mikono ya wauguzi na vyombo vya kushonea havipunguziwi. Kufua mashuka kunaweza kuhamishiwa kwingine. Jamaa za wagonjwa wanaweza kuombwa waje na maji ya kuogea. Mambo hayo yote yaandikwe mapema, siku ambayo tangi limejaa na watu wana utulivu, kwa sababu siku ya kumi na moja hakuna atakayekuwa na utulivu wa kuyafikiri.

Tukiendelea na hesabu hiyo, paa la bati la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 10 hukusanya lita 2,000, ukiacha kiasi kinachopotea. Mvua moja nzuri ni siku mbili za wodi yetu. Lakini mifereji ya paa iwe imetengenezwa kabla ya Desemba, na fedha za kuitengeneza haziombwi Novemba. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, na ombi lisiloingia katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri kabla ya hapo husubiri mwaka mwingine. Muuguzi mkuu anayeutaka mfereji wa mvua za mwaka huu alipaswa kuuombea mvua za mwaka uliopita zikiwa bado zinanyesha. Tumeona kwamba mfano huu mmoja huwafundisha wanafunzi maana ya mpango wa muda mrefu kuliko fasili tatu zikiunganishwa.

Kuna jambo la historia ambalo mkufunzi asiliruke, kwani limetokea pale pale. Mwaka 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo ilienea katika uwanda wa Makonde. Wenyeji waliipa jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kujikunja au kupinda, kutokana na hali ya mgonjwa. Na jina hilo sasa ndilo linalotumika duniani kote. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliueleza ugonjwa huo katika taarifa zilizochapishwa mwaka 1955. Mbu anayeueneza, Aedes aegypti, hupenda maji yaliyotulia katika vyombo vya nyumbani, na huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mwanafunzi atafakari sasa: nchi isiyo na maji huwalazimisha watu kuyaweka akiba, na akiba iliyo wazi huwa mazalio ya mbu. Mapipa matano tuliyoyapanga katika aya iliyotangulia yanaweza kuleta wagonjwa wengine watano. Basi mifuniko iingie katika mpango ule ule, na mtu wa kuikagua atajwe kwa cheo chake. Tena wauguzi nao huugua homa hizo, na hapo mpango wa maji unakuwa umegusa mpango wa zamu.

Zamu ndilo eneo ambalo makadirio ya kubahatisha huumiza watu zaidi. Ukiwauliza wanafunzi: wodi inahitaji wauguzi watatu asubuhi, wawili jioni na wawili usiku, kila zamu ya saa nane, je, waajiriwe wangapi? Wengi hujibu saba. Hesabu na ifanywe. Zamu 7 kwa siku, mara siku 365, ni zamu 2,555 kwa mwaka. Muuguzi mmoja ana siku 365. Toa 104 za mapumziko ya kila wiki, toa 28 za likizo, toa tuseme 17 za sikukuu, ugonjwa na misiba: zinabaki 216. Gawanya 2,555 kwa 216, utapata karibu 12. Ikiwa wodi imepewa wauguzi tisa, wanaweza kujaza zamu 1,944 tu. Zimebaki zamu 611 zisizo na mtu, nazo hazipotei hewani. Huangukia usiku, mwisho wa wiki, na migongo ya wale wasioweza kukataa. Hatujahesabu bado likizo ya uzazi, ambayo ni siku 84, katika kazi inayofanywa na wanawake wengi. Kiongozi mwenye hesabu hii mkononi anaweza kwenda kwa mganga mkuu na kusema kitu kinachosikika. Asiye nayo ataambiwa avumilie, naye atawaambia walio chini yake wavumilie. Tunaliona hili kuwa suala la haki, si la takwimu tu.

Baada ya maji na watu, yapo majira. Korosho huokotwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katika wiki hizo mama mjamzito yuko shambani kama wengine. Kliniki iliyopangwa asubuhi ya siku ya kazi haitampata. Mvua zikishika, yaani Desemba hadi Aprili, barabara za udongo huwa na tope, na huduma ya mkoba ya chanjo huhitaji siku za ziada. Chanjo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, jokofu likiwa la gesi, la umeme au la jua, na mtungi wa gesi hauagizwi barabara ikiwa imeshakatika. Kuanzia Juni, mavuno ya chakula yakishaingia, ni majira ya jando na unyago, wazee wako tayari kuzungumza, na muuguzi anayeheshimu desturi anaweza kukutana nao juu ya usafi wa vidonda na juu ya wasichana wanaobeba mimba mapema. Wanafunzi wachore kalenda ya miezi 12 katika karatasi kubwa, mstari mmoja wa mvua, mmoja wa kazi za watu, mmoja wa mahitaji ya wodi. Zana hiyo haigharimu chochote, na inafaa kubaki ukutani muhula mzima.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kama mipango haitengenezwi juu, Dodoma, wala si wodini. Ni kweli kwamba kuanzia Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa katika miaka ya 1970, Taifa lilielekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini, na uamuzi wa zahanati ijengwe wapi haukuwa wa muuguzi. Lakini Dodoma haiwezi kujua kwamba bomba la Newala hutoka maji alfajiri tu. Anayejua hilo ndiye anayepaswa kuliandika.

Kuhusu upimaji, tunashauri insha ya maelezo iachwe. Kila mwanafunzi aandike mpango wa wodi ya vitanda 20 kwa mwezi mmoja aliopewa kwa kura, ama Masasi ama Newala. Kisha mpango huo apewe mwenzake, na aliyeuandika atoke nje ya darasa. Mkufunzi atoe tukio: usiku wa Jumamosi, maji yamekatika, muuguzi mmoja wa zamu ana homa. Aliyepokea mpango aendeshe wodi kwa kusoma yale yaliyoandikwa, bila kuongeza lake. Kila anapokwama, mkufunzi aweke alama pembeni mwa karatasi. Karatasi irudishwe kwa mwenyewe siku inayofuata, auandike mpango upya, na alama zitolewe kwa nakala ya pili. Zoezi hili huchukua vipindi viwili vya dakika 40. Kwa darasa linalozidi wanafunzi 30, vitengwe vitatu.