Mtihani wa vitendo wa botania: anzia kwenye shamba lako la pamba

 

Juzi usiku alinipigia kijana mmoja wa huku Bariadi. Yuko chuo kikuu mwaka wa kwanza, na nyumbani ana ekari nne za pamba na kipande cha mahindi. Amekuja siku nne kusimamia palizi.

"Shikamoo bwana shamba. Nina mtihani wa vitendo wa botania wiki tatu zijazo. Jaribio la kwanza nilipata chini ya wastani. Nikishindwa na huu narudia somo, na hela ya kurudia itatoka kwenye pamba hii hii. Sasa nisome au nipalilie?"

"Marahaba mdogo wangu. Fanya vyote, kwa pamoja."

Alidhani namtania. Lakini mimi mwenyewe nilipokuwa nasoma diploma niliufeli mtihani huu mara ya kwanza, na sababu siyo kwamba sikusoma. Nilisoma daftari tu. Chumbani kulikuwa na vituo, kila kituo kina mmea na swali, dakika chache kengele inalia unahamia kingine. Kituo cha pili waliweka tawi la choroko wakauliza jani ni la aina gani. Nikaandika jani sahili. Kumbe nilichokuwa nakitazama ni kijani kimoja kati ya vitatu vinavyounda jani moja. Mtoto wa Msukuma aliyekula choroko toka utotoni!

Dawa yake ni hii: tafuta chipukizi. Chipukizi hukaa kwenye kwapa, pale jani zima linapoungana na shina. Kwenye vijani hakuna. Fuata kikonyo kuelekea chini mpaka ulione, na vyote vilivyo juu ya hapo ni jani moja.

Sasa twende kwenye pamba. Pamba yetu tunapanda Novemba na Desemba, kwa hiyo Februari hii maua yapo. Ingia shambani asubuhi, chukua ua jeupe lililofunguka leo. Lile jekundu ni la jana, liache. Hesabu kwa mikono: nje kabisa kuna braktea tatu kubwa zenye meno, kisha sepali zilizoungana kama kikombe kifupi, halafu petali tano. Katikati ndipo penye alama za bure: stameni nyingi zimeungana kuwa bomba moja linalozunguka kijiti kinachobeba stigma. Ukiona bomba hilo, fikiria familia ya Malvaceae. Bamia analo, choya analo. Hata mbuyu yumo kwenye familia hiyo, ingawa ukimtazama huwezi kudhani ni ndugu wa pamba.

Chukua wembe mpya ulikate ua kwa urefu, katikati. Ovari utaikuta juu ya mahali petali zinapoanzia. Kata nyingine kwa upana uhesabu vyumba, vitakuwa vitatu hadi vitano, na mbegu changa zimeshikana katikati. Tumba changa nalo linafaa kwa zoezi hili, na ni rahisi zaidi kuona.

Wakikuwekea jani tupu la pamba na la bamia pembeni, tafuta vidoadoa vidogo vyeusi. Pamba inavyo kwenye jani na shina, bamia haina.

Swali jingine wanalopenda: nyuzi za pamba ni sehemu gani ya mmea? Wengi wanaandika tunda. Siyo. Uzi mmoja ni seli moja tu iliyorefuka kutoka kwenye ngozi ya nje ya mbegu. Tunda ni lile tumba zima. Na kinyume chake, "mbegu" ya alizeti na punje ya hindi kibotania ni matunda. Hapo wanapigwa wengi.

Kwenye hadubini, karibu kila mahali utapewa shina la hindi na la alizeti. Fanya mazoezi nyumbani. Kata vipande vyembamba mpaka mwanga upite, wembe na shina viwe vimelowana maji. Kipande kisichokamilika lakini chembamba ni bora kuliko duara zima lililo nene. Kifuniko cha kioo kishushe kwa upande mmoja, taratibu, usifungie mapovu ya hewa, maana kuna watu wamechora povu wakaliita seli. Shina la hindi lina vifurushi vya mishipa vilivyotawanyika ovyo, la alizeti vimejipanga duara. Rangi ya safranini hufanya zailemu iwe nyekundu, uanzie hapo kuweka majina.

Mchoro: penseli iliyochongwa, mstari mmoja, bila kutia vivuli. Mistari ya majina ipigwe kwa rula na isikatane. Andika ukuzaji. Kama tumba lina urefu wa milimita 15 na mchoro wako una 60, andika ×4. Jina la kisayansi lipigiwe mstari, kila neno mstari wake, la kwanza herufi kubwa na la pili ndogo: Gossypium hirsutum. Alama hizi ni za kuokota, na ndizo zinazopotea.

Wewe usiyesoma chuo unaweza kuuliza haya yanakuhusu nini. Sikia. Msimu mmoja mkulima ninayemhudumia alipulizia mahindi dawa ya magugu ya 2,4-D, upepo ukavuma kuelekea pamba ya ndugu yake. Dawa ile huua magugu ya majani mapana na kuyaacha mahindi. Pamba nayo ni ya majani mapana, tena ni dhaifu mno kwa dawa hiyo. Majani mapya yakatoka membamba kama vidole, maua yakapukutika, na wale ndugu mpaka leo wanasalimiana kwa shida. Tofauti ya hindi na pamba aliyoshindwa kuiona yule bwana ndiyo ile ile inayoulizwa kituo cha kwanza cha mtihani.

Kijana wetu nilimwambia kila mstari atakaopalilia ang'oe gugu moja, alitaje kwa sauti: mizizi ya aina gani, mishipa ya jani inaendaje, familia ipi. Kwenye mahindi akikuta kiduha, alichimbe taratibu aone kinavyojishika kwenye mzizi wa hindi, maana vimelea huulizwa. Jioni achore mimea mitatu kwa dakika tano tano, mdogo wake akipiga sufuria badala ya kengele.

Jana amenitumia picha ya michoro. Ua la pamba zuri, ila amesahau ukuzaji.